Uzi wa urithi wageuzwa mali ya ujenzi: DNA na RNA zinavyosukwa kuwa vyombo vidogo kama virusi

Kwa watu wengi, DNA ni jina la kipimo. Husikika mahakamani pale uzazi wa mtoto unapobishaniwa, au baada ya ajali mbaya pale mabaki ya marehemu yanapotafutiwa jamaa zake. Hata hivyo, katika maabara za Marekani, Denmark, Ujerumani, Sweden na Uchina, asidi hiyo hiyo inayobeba urithi wa viumbe imepewa kazi nyingine kabisa. Imekuwa mali ya ujenzi, kama mbao kwa seremala au ukili kwa msusi wa mikeka. Watafiti hubuni umbo kwa kompyuta, huagiza vipande vya DNA vinavyolingana nalo, huvichanganya katika maji yenye chumvi, huvipasha moto na kuviacha vipoe. Vinapopoa, vipande hivyo hujipanga vyenyewe na kuwa bomba, nyota, ganda la mviringo au sanduku lenye kifuniko, bila mkono wa mtu kuvigusa.

Taaluma hii imekwisha kupita miaka 40. Ahadi yake kubwa ni ya kitabibu: chombo kinachobeba dawa kikiwa kimefungwa, kikapita mwilini pasipo kumdhuru mgonjwa, kikafunguka mbele ya seli ya saratani pekee. Hadi sasa hakuna dawa ya namna hiyo iliyoidhinishwa kutumiwa hospitalini, na sababu za kuchelewa kwake si zile ambazo mtu angezitarajia. Kuchora umbo, jambo lililoonekana muhali mwaka 1980, siku hizi hufanywa na mwanafunzi kwa programu ya kompyuta. Kinachowasumbua watafiti ni namna ya kulifanya umbo hilo lidumu ndani ya damu, na namna ya kulitengeneza kwa wingi na kwa bei inayovumilika.

Kwa nini DNA

Kipimo kinachotumika katika kazi hii ni nanomita, yaani sehemu moja ya milimita iliyogawanywa mara milioni moja. Virusi vya corona vina upana wa nanomita 100 hivi. Unywele wa binadamu huwa na unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Hakuna koleo wala kisu kinachoweza kushika na kukata vitu vya kadiri hiyo kimoja kimoja kwa mabilioni. Njia pekee ya kujenga huko ni kupata mali inayojijenga yenyewe, na isiyokosea mahali pake.

DNA ina sifa hiyo kwa asili. Uzi wake mmoja ni mfululizo wa aina nne za kemikali ambazo wanasayansi huziita kwa herufi A, T, G na C. A hushikana na T, na G hushikana na C. Nyuzi mbili ambazo herufi zake zinaoana hukumbatiana na kuwa msokoto mmoja, kama kamba ya nyuzi mbili. Umbo hilo lilielezwa mwaka 1953 na James Watson na Francis Crick mjini Cambridge, wakitegemea kwa sehemu kubwa picha za mionzi ya eksirei zilizopigwa katika maabara ya Rosalind Franklin mjini London. Msokoto huo una unene wa nanomita 2, na hukamilisha mzunguko mmoja kila baada ya jozi kumi na nusu za herufi, sawa na urefu wa nanomita tatu na nusu hivi.

Vipimo hivyo havibadilikibadiliki, na hapo ndipo faida yake ilipo kwa mjenzi. Anayejua mahali mzunguko unapoanzia anaweza kupiga hesabu na kujua kila herufi itakuwa upande gani wa kamba, na kwa umbali gani kutoka mwanzo. Zaidi ya hayo, uzi mmoja ukiachwa mrefu kidogo kuliko mwenzake, ile ncha iliyobaki wazi itatafuta ncha nyingine inayooana nayo na kunata hapo. Msusi wa mikeka huunganisha ukili kwa sindano. Anayesuka DNA huandika tu herufi za ncha, nazo hutafutana majini.

Maandishi hayo hayana uhusiano na maandishi ya urithi wa mtu. Herufi huchaguliwa kwa sababu ya umbo zitakalolifanya, si kwa sababu ya jeni. Ni jambo linalofaa kusemwa waziwazi, maana wakati wa janga la UVIKO-19 uvumi kuhusu chanjo na vinasaba ulienea mbali kuliko maelezo ya madaktari.

Samaki wa Escher

Mwanzilishi wa fani hii, Nadrian Seeman, hakuwa na nia ya kutengeneza dawa. Alizaliwa Chicago mwaka 1945, na kazi yake ilikuwa kuchunguza maumbo ya molekuli kwa kuzipiga mionzi ya eksirei. Kwa uchunguzi huo ni lazima kwanza molekuli zigandishwe kuwa fuwele, zikipangana safu kwa safu kama tofali ukutani. Protini nyingi hukataa kugandishwa. Akiwa mhadhiri kijana mjini Albany, katika jimbo la New York, Seeman alijaribu mara kwa mara kupata fuwele na kushindwa, na mtafiti wa fani ile asiye na fuwele huwa hana cha kuonyesha.

Wakati huo alikuwa pia akitafakari jambo la kinadharia. Seli zinapobadilishana vipande vya vinasaba, misokoto miwili ya DNA hukutana na kufanya kitu mfano wa njia panda yenye mikono minne. Mwingereza Robin Holliday alikuwa ameieleza njia panda hiyo mwaka 1964. Ya asili haitulii mahali pamoja: kwa kuwa herufi za mikono yake zinafanana, makutano huteleza huku na huku. Seeman alitambua kwamba herufi zikichaguliwa zisifanane, makutano yatakwama na kubaki palepale. Na kama mikono minne inawezekana, kwa nini isiwe sita?

Masimulizi ya asili ya fani hii, ambayo Seeman mwenyewe aliyarudia mara nyingi, yanaanzia katika baa ya chuo, majira ya vuli ya mwaka 1980. Alikuwa amekwenda kufikiria makutano ya mikono sita, akakumbuka mchoro wa Mholanzi M. C. Escher uitwao Kina, unaoonyesha kundi la samaki waliojipanga angani kwa safu zinazoendelea hadi mbali. Kila samaki alikuwa na kichwa na mkia, pezi la juu na la chini, pezi la kushoto na la kulia. Hiyo ni mikono sita. Kama samaki wale wangekuwa njia panda za DNA, na kila pezi likawa ncha ya kunata, basi wangejipanga wenyewe kuwa fuwele, na ndani ya kila nafasi iliyo wazi kati yao ingewezekana kuweka protini ile sugu. Makala yenye wazo hilo ilichapishwa mwaka 1982.

Ilichukua muda mrefu kabla ya wazo hilo kuthibitika mikononi. Njia panda za kwanza zililegea mno. Mtu hawezi kujenga nyumba kwa nguzo zinazopinda. Mwaka 1991, akiwa amehamia Chuo Kikuu cha New York, Seeman na mwenzake Junghuei Chen walitangaza kwamba wametengeneza mchemraba wa DNA, umbo ambalo kingo zake ni misokoto na pande zake sita ni pete za nyuzi zilizopitana kama viungo vya mnyororo. Baadaye walibuni vipande vigumu zaidi vyenye misokoto miwili iliyofungwa pamoja sambamba, na mwaka 1998, pamoja na Erik Winfree wa Taasisi ya Teknolojia ya California, wakasuka vipande hivyo kuwa zulia tambarare lililoonekana kwa hadubini.

Fuwele yenye pande zote tatu, ile aliyoiwaza akiwa baani, ilipatikana mwaka 2009, miaka 29 baadaye. Ilijengwa kwa pembetatu za DNA zilizobuniwa na Chengde Mao, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake. Mwaka uliofuata Seeman alipewa tuzo ya Kavli ya sayansi ya vitu vidogo, akishirikiana na Donald Eigler. Alifariki mwezi Novemba mwaka 2021. Kwa mtu aliyeanza kwa kukosa fuwele, ni haki kusema kwamba aliipata.

Uzi mmoja mrefu na vibanio mia mbili

Mbinu za Seeman zilikuwa na ugumu mmoja mkubwa. Ili umbo likamilike, nyuzi zote zilipaswa kuwepo kwa viwango vilivyolingana sawasawa. Moja ikizidi au ikipungua, matokeo yake yalikuwa vipande nusu nusu. Kazi ya kuzisafisha na kuzipima ilikuwa ya miezi.

Aliyelikata fundo hilo ni Paul Rothemund, pia wa Taasisi ya Teknolojia ya California, katika makala ya mwezi Machi 2006 katika jarida la Nature, aliyoiandika peke yake. Alichukua uzi mmoja mrefu ulio tayari, wenye herufi zaidi ya 7,000, kutoka kwa kirusi kiitwacho M13, ambacho hushambulia bakteria na hakimdhuru binadamu. Kisha akabuni nyuzi fupi zaidi ya 200, kila moja ikiwa na herufi zinazooana na sehemu mbili au zaidi za uzi ule mrefu zilizo mbalimbali. Uzi mfupi unaposhika sehemu hizo, huzivuta zikaja pamoja. Ni sawa na kukunja kamba ndefu huku na huku sakafuni na kuibania kwa vibanio vya nguo hadi ifanye umbo la nyota.

Uzuri wa mbinu hiyo ni kwamba haihitaji mizani ya dhahabu. Vibanio huwekwa vingi kuliko vinavyohitajika. Vitakavyoshika vitashika, na vilivyobaki humwagwa. Mchanganyiko ulipashwa moto hadi karibu na kuchemka, ukapozwa kwa muda usiofika saa mbili, na maumbo yakawa tayari kwa mabilioni katika tone moja la maji. Rothemund alitengeneza miraba, pembetatu, nyota, ramani ya mabara ya Amerika, na sura ya mtu anayetabasamu yenye upana wa nanomita 100. Sura hiyo ya kutabasamu ilizunguka dunia nzima, na huenda ilifanya kazi kubwa zaidi ya kuitangaza fani hii kuliko makala zote zilizoitangulia.

Mbinu hiyo ilipewa jina la origami, sanaa ya Kijapani ya kukunja karatasi. Mwaka 2009 kundi la William Shih wa Chuo Kikuu cha Harvard lilionyesha jinsi ya kukunja vitu vyenye ujazo, na Shawn Douglas akatoa programu ya kompyuta inayopiga hesabu ya vibanio. Tangu hapo kazi ya kubuni imekuwa nyepesi.

Sanduku, ufunguo na seli ya saratani

Mwezi Mei mwaka huo huo wa 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Aarhus nchini Denmark, wakiongozwa na Ebbe Andersen, Kurt Gothelf na Jørgen Kjems, walitangaza sanduku la DNA lenye vipimo vya nanomita 42 kwa 36 kwa 36. Lilikuwa na kifuniko kilichofungwa kwa nyuzi mbili za DNA. Ukiweka majini uzi mwingine unaooana na ule wa kufuli zaidi, kufuli huacha kushika na kifuniko hufunguka. Ndani ya sanduku la kadiri hiyo huweza kuingia kimeng'enya kizima.

Ufunguo wa uzi unatosha katika chupa ya maabara, lakini ndani ya mwili ni lazima chombo kitambue chenyewe kilipofika. Mwaka 2012 Douglas, Ido Bachelet na George Church wa Harvard walibuni pipa la DNA lenye kufuli mbili ambazo hazifunguki mpaka zikutane na protini fulani juu ya seli. Kufuli hizo ni vipande vifupi vya DNA vilivyochaguliwa kwa uwezo wa kung'ang'ania kitu maalumu; huitwa aptama. Pipa likikutana na seli yenye alama zote mbili hufunguka na kuonyesha kilichomo. Likikutana na yenye alama moja tu, hubaki limefungwa.

Jaribio lililosikika zaidi lilichapishwa mwaka 2018 na watafiti wa Kituo cha Taifa cha Sayansi ya Nano mjini Beijing, wakishirikiana na Hao Yan wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona. Walisuka jamvi la DNA la nanomita 90 kwa 60, wakaweka juu yake thrombini, kimeng'enya kinachogandisha damu, kisha wakalikunja likawa bomba na kulifunga kwa aptama zinazoitambua protini ipatikanayo kwa wingi katika mishipa inayolisha uvimbe wa saratani. Bomba lilipofika huko lilifunguka, damu ikaganda ndani ya mshipa ule, na uvimbe ukakosa chakula. Katika panya uvimbe ulipungua kukua, na baadhi yao waliishi muda mrefu zaidi. Watafiti hao walijaribu pia usalama wake kwa nguruwe wadogo na kuona kwamba damu haikuganda pasipotakiwa.

Vyombo vya habari viliita kitu hicho roboti. Neno hilo limetiwa chumvi. Chombo hicho hakina injini, hakina betri, wala hakiongozwi na mtu. Huelea na damu hadi kinapogusa kinachooana nacho. Usahihi wake wote umo katika herufi zilizoandikwa kabla hakijatiwa mwilini.

Mwezi Julai 2024, kundi la Björn Högberg wa Taasisi ya Karolinska nchini Sweden lilieleza kufuli ya aina nyingine. Juu ya seli zetu mna vipokezi ambavyo vikikusanywa pamoja huiamuru seli ife. Watafiti hao walizipanga peptidi sita katika umbo la pembe sita ili zivikusanye vipokezi hivyo, kisha wakazificha ndani ya chombo cha DNA. Damu ya kawaida ina kiwango cha pH cha 7.4, ndani ya uvimbe wa saratani mna tindikali zaidi, na pH ikishuka hadi 6.5 chombo hufunguka. Katika panya wenye saratani ya matiti ya binadamu, ukuaji wa uvimbe ulipungua kwa hadi asilimia 70. Hatua hiyo inastahili kuangaliwa kwa sababu silaha yenyewe haikuwa sumu, bali mpangilio. Peptidi zile zile zikitawanyika hazina nguvu hiyo.

Jambo hilo la mpangilio limejitokeza pia katika chanjo. Mwaka 2020 kundi la Mark Bathe wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts lilibandika vipande vya protini ya virusi vya UKIMWI juu ya maganda ya DNA kwa idadi na umbali uliopimwa, na kuona kwamba seli za kinga ziliamka zaidi pale vipande vilipoachana kwa nanomita 25 hadi 30 hivi, na kwamba vipande vitano tu vilitosha. Kwa njia nyingine yoyote ingekuwa shida kuuliza swali hilo, kwa sababu hakuna mali nyingine inayomruhusu mtu kuweka kitu nanomita 25 kutoka kwa kingine kwa kuandika tu.

RNA hujikunja ikizaliwa

RNA ni ndugu wa DNA. Ndani ya seli, kimeng'enya husoma DNA na kutoa nakala ya RNA, ambayo huchukuliwa kwenda kutengenezea protini. Uzi wake kwa kawaida ni mmoja, na hupenda kujirudia na kujishika wenyewe, ukifanya vitanzi na vifundo. Kwa hiyo maumbo yake ni mengi kuliko ya DNA, na kwa sababu hiyo hiyo kuyatabiri ni vigumu zaidi.

Peixuan Guo, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Purdue nchini Marekani, alitangulia katika njia hii. Aligundua kwamba kirusi kimoja cha bakteria, phi29, hutumia RNA kama sehemu ya mashine ya kusukumia DNA yake ndani ya ganda, na mwaka 1998 kundi lake lilionyesha kwamba molekuli sita za RNA hiyo hushikana na kuwa pete. Pete hiyo ya asili ikawa kielelezo: vipande vyake vinaweza kutenganishwa, kubadilishwa na kuunganishwa tena kwa sura nyingine, vikibebeshwa dawa.

Mwaka 2014 Cody Geary, Rothemund na Andersen wa Aarhus walionyesha jambo ambalo DNA haiwezi kulifanya kwa urahisi. Walibuni RNA inayojikunja papo hapo inapotoka katika kimeng'enya, kabla hata haijakwisha kuandikwa, kama ukili unaosukwa huku miyaa ingali inachanwa. Haihitaji vibanio mia mbili wala kupashwa moto. Uzi mmoja tu unatosha. Kwa kuwa seli hai hutengeneza RNA kila dakika, bakteria anaweza kupewa maagizo na kutengeneza maumbo hayo mwenyewe.

Udhaifu wa RNA ni kwamba huharibika upesi. Vimeng'enya vya kuikata vimejaa kila mahali, hata katika jasho la vidole vya mtafiti. Watu wa Maziwa Makuu waliliona tatizo hilo kwa macho mwezi Machi 2021, Rwanda ilipopokea dozi za kwanza za chanjo ya Pfizer kupitia mpango wa COVAX. Chanjo hiyo ni ya RNA iliyofunikwa kwa mafuta, na wakati huo ilihitaji majokofu maalumu ya nyuzi joto 70 chini ya sifuri. Uzi wa chanjo hiyo haukukusudiwa kuwa na umbo la kujengwa, bali kubeba ujumbe tu. Lakini namna ya kuuzalisha, kwa kimeng'enya kinachosoma DNA ndani ya tangi, ni ile ile inayotumiwa na wajenzi wa Aarhus. Mwezi Desemba 2023 kampuni ya BioNTech ya Ujerumani ilizindua mjini Kigali kiwanda cha chanjo za RNA kilichojengwa ndani ya makontena. Elimu ya kushughulikia nyuzi hizi, kwa hiyo, imeanza kuwa na makao katika ukanda huu.

Malaria isiyoonekana na kipimo

Kuna mahali pengine ambapo fani hii inagusa Afrika Mashariki moja kwa moja. Vipimo vya haraka vya malaria vinavyotumika katika zahanati nyingi hutafuta protini iitwayo HRP2, itolewayo na kimelea cha Plasmodium falciparum. Katika Pembe ya Afrika, hasa Eritrea, Ethiopia na Djibouti, wamepatikana vimelea waliopoteza jeni ya kutengeneza protini hiyo. Mgonjwa hutobolewa kidole, kipimo huonyesha kwamba hana malaria, naye hurudi nyumbani akiwa nayo. Eritrea ililazimika kubadili aina ya kipimo.

Mbadala unaotafutwa ni kimeng'enya cha kimelea ambacho hakiwezi kuishi bila hicho, kiitwacho laktati dehidrojenesi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Hong Kong walipata aptama inayokishika kimeng'enya hicho bila kushika kile cha binadamu, na mwaka 2016, pamoja na wenzao, walionyesha kwamba aptama hiyo ikisukwa ndani ya jamvi la origami bado hufanya kazi yake: vimeng'enya vilionekana kwa hadubini vikiwa vimekaa juu ya jamvi mahali palipopangwa. Aptama ina faida juu ya kingamwili za kawaida kwa sababu hutengenezwa kwa kemia bila mnyama, na hustahimili joto zaidi. Kazi hiyo ilikuwa ya maabara. Kati ya jamvi lile na kipimo cha kutumia chini ya mwembe kijijini kuna safari ambayo haijakamilika.

Damu, chumvi na bei

Matatizo yanayobaki ni ya namna tatu, na hayana uzito sawa.

La kwanza ni chumvi. Nyuzi za DNA zina chaji hasi na husukumana. Katika maabara hutulizwa kwa magnesiamu nyingi. Damu haina magnesiamu ya kiwango hicho, na ina vimeng'enya vinavyokata DNA. Umbo lililopangwa kwa umakini linaweza kulegea na kuliwa kwa muda mfupi. Dawa iliyopatikana ni kulivika umbo koti la kemikali lenye chaji chanya, au kuishonea DNA mishono ya ziada kwa mwanga wa urujuanimno. Koti hilo husaidia sana, ingawa huongeza hatua na gharama.

La pili ni kinga ya mwili. DNA itokayo kwa kirusi cha bakteria ina mpangilio wa herufi ambao kinga yetu huutambua kuwa ni wa mgeni. Kwa dawa hilo ni kikwazo. Kwa chanjo linaweza kuwa msaada. Mwaka 2024 kundi la Shih lilieleza chanjo iliyotumia kusudi mpangilio huo, na kuona kwamba vichochezi vikiachana kwa nanomita tatu na nusu huelekeza kinga upande wa kupambana na saratani.

La tatu, na kubwa kwa nchi zenye bajeti ndogo za afya, ni kiasi na bei. Tone lenye mabilioni ya sura zinazotabasamu lina uzito usiofikia hata chembe ya vumbi, na vibanio vyake mia mbili vilinunuliwa kimoja kimoja kutoka kwa watengenezaji wa kemikali. Mgonjwa mmoja angehitaji kiasi kikubwa zaidi mara nyingi mno. Hatua muhimu ilipigwa mwaka 2017 na Hendrik Dietz na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich. Waliandika vibanio vyote katika uzi mmoja wa kirusi cha M13, wakaweka kati yao vipande vinavyojikata vyenyewe, kisha wakawaachia bakteria kazi ya kuuzalisha katika matangi, kwa namna isiyotofautiana sana na kiwanda cha bia. Uzi ukitolewa nje hujikata, na vibanio huwa tayari.

Dietz na kundi lake waliendelea. Mwaka 2021 walitangaza maganda makubwa ya DNA yanayojipanga kwa pembetatu, yenye ukubwa wa kumeza kirusi kizima. Ndani yake hupakwa kingamwili zinazomshika kirusi, naye akishanaswa hawezi tena kugusa seli. Walinasa viini vya virusi vya homa ya ini aina ya B, ugonjwa ulioenea sana barani Afrika, na katika chupa za seli za binadamu walizuia kirusi kingine kisiambukize. Ganda hilo haliui chochote. Hufunga njia tu, jambo linaloleta matumaini kwa magonjwa ya virusi ambayo dawa zake ni chache.

Wakati dawa zinasubiri, yapo mazao ya fani hii ambayo tayari yako sokoni, ingawa hayaonekani na mtu wa kawaida. Ni rula. Vijiti vya origami vyenye nukta za mwanga zilizoachana kwa nanomita kadhaa zijulikanazo huuzwa kwa maabara duniani kote, ili wenye hadubini za kisasa wajue kama vyombo vyao vinaona sawasawa.